Mwezi wa Mirihi Uliochongwa Machakos

Mwezi mmoja mdogo ulinigharimu kisiki cha muhugu kilichokaa kivulini miaka mitatu kikikauka, patasi mbili, kopo zima la gundi, na sahani nne za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nilizomlisha mteja wakati tukibishana bei. Nimehesabu mara mbili. Sahani ya tano aliila akiwa ameshakubali kulipa, basi hiyo siiweki kwenye hasara.

Ninyi mnaochonga sasa pale bandani kwetu, hapa Machakos, mnaniona nikija Jumamosi, nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nanusa vumbi la mbao kama mtu aliyeacha sigara. Mnaniuliza, "Babu, wewe ulichonga nini kikubwa?" Najua mnangoja twiga. Sawa, twiga alikuwepo, alinipita urefu, na alinunuliwa na mzungu ambaye hakuwa amefikiria gari lake lina paa. Lakini twiga hajawahi kunifanya nitembee kifua mbele mjini. Kilichonifanya hivyo ni kitu cheusi chenye umbo la kiazi, urefu wake sentimita ishirini na saba, na ndicho nataka kuwaandikia.

Kwanza niwaambie ni nani aliyenifunza, la sivyo hamtaelewa kilichoharibika.

Alikuwa Mzee Kilonzo. Mwaka wangu wa kwanza kwake nilichonga miguu ya ndovu. Ndovu wenyewe walichongwa na wengine, mimi nilipewa miguu. Alinifundisha kuchagua mti kwa sikio: "Gonga. Ukisikia mlango, nunua. Ukisikia godoro, rudisha." Alinifundisha kupaka ncha za kisiki nta ili kisipumue haraka kikapasuka. Na kama kikipasuka hata hivyo, hapo ndipo alikuwa mkali. Kwake, ufa ulikuwa aibu ya banda zima. Sheria yake ilikuwa fupi: aliyeuona ufa ndiye anauziba. Haulizi ni wa nani, hamngoji mwenye kazi. Unachukua vumbi la mti ule ule, unachanganya na gundi, unasukuma ndani kwa ukucha, unangoja, unapiga msasa. Mzee alikufa, sheria ikabaki. Hata leo nikiwatazama naona mnaifuata, na wengi wenu hamkumjua.

Sasa, mwaka ule kabla sijastaafu, asubuhi moja aliingia mtu mwenye fimbo nyeupe na bahasha kubwa. Hakusema habari. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashika mnyama wa kwanza, akampapasa taratibu.

"Huyu ni kifaru," akasema, "lakini ako na miguu ya ndovu."

Ilikuwa kweli, na mimi nimeuza vifaru hivyo maisha yangu yote kwa watu wenye macho mawili.

Alijitambulisha: Mwalimu Musyoka, anafundisha sayansi katika shule moja upande wa Kathiani, kwenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Alitaka mwezi.

"Mwezi ni rahisi," nikamwambia. "Ni mpira. Rudi saa kumi."

"Si huu wetu. Ni wa Mirihi. Mirihi ni sayari ya mawe kama dunia, na iko na miezi miwili midogo. Nataka ule mkubwa wa hiyo miwili. Unaitwa Fobosi. Na si mpira, mzee. Ni kiazi."

"Kiazi cha aina gani?"

"Kile kimepigwa jembe wakati wa kuchimba."

Kwenye bahasha mlikuwa na picha zilizopigwa na vyombo vilivyopita karibu na mwezi huo, kila upande. Akanipa zote. "Mimi sijaziona," akasema, "lakini nimeambiwa ni safi."

Nilizitazama. Vijana, nimetazama mbao za kila aina, sijawahi kuona kitu kibaya namna ile kikiwa kizuri namna ile. Upande mmoja kuna shimo kubwa, kana kwamba mtu aliuma. Pande nyingine mashimo madogo yamejaa kama ndui. Halafu kuna mifereji, mistari mirefu iliyonyooka, inapita sambamba juu ya mgongo wake kama mikwaruzo ya reki. Ilifanana na jiwe linalotoka machimbo ya Lukenya baada ya baruti.

Nikamuuliza kwa nini asiwaambie wanafunzi tu, kwa maneno.

Hapo ndipo aliponiambia shida yake. Baada ya wiki tatu kulikuwa na mashindano ya sayansi ya shule, hapa mjini. Mkuu wa shule yake alikuwa ameamua kwamba sayansi ni somo la kuona, na kuanzia muhula unaofuata watoto wasioona wapewe vipindi vya kusuka vikapu badala yake. Mwalimu alikuwa amebishana naye mpaka wakafikia hapa: kama wanafunzi wake watasimama mashindanoni na kitu cha maana, vipindi vitabaki. Wakisimama mikono mitupu, vikapu.

"Na vikapu si vibaya," akasema. "Mama yangu alinisomesha kwa vikapu. Lakini niko na msichana wa kidato cha pili, anaitwa Ndinda. Huyo anauliza maswali hata mimi nalala nikiyafikiria. Nimpe kamba za mkonge nimwambie nini?"

Nilitaja bei. Akacheka kwa heshima. Nikaagiza muthokoi, kwa sababu mtu akishakula kwako anaona haya kukukatia bei nusu. Mwalimu hakuona haya. Alikula, akakata bei, akanifundisha, yote pamoja.

"Huo mwezi uko karibu sana na Mirihi, mzee. Unazunguka kwa muda usiofika masaa nane."

"Kwa hivyo kwa siku moja?"

"Mara tatu na zaidi. Unaipita hata Mirihi yenyewe inavyojizungusha. Kwa hivyo ukisimama kule, utauona ukichomoza magharibi, unazama mashariki."

"Unajua mimi ni mtu wa biashara," nikamwambia. "Usiniletee kitu kinaenda kinyume halafu unataka nipunguze bei."

"Punguza tu. Tena ni mwepesi. Chukua gunia la mahindi la kilo tisini. Kule lingekuwa na uzito wa yai."

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu hiyo nyuma ya picha kwa namba alizonipa. Nikarudia. Yai. Nikafikiria wale madalali wa mahindi wa sokoni na mizani zao, nikaona kule wangekufa njaa.

Aliniambia pia kwamba upande mmoja wa mwezi huo hutazama Mirihi daima, hauugeuzi kamwe. Na kwamba unasogea taratibu kuelekea sayari yake, kama mita mbili kila miaka mia, mpaka siku moja, baada ya mamilioni ya miaka, utavunjika vipande. Sahani ya nne ilipoisha tulikuwa tumekubaliana: sentimita moja kwa kila kilomita. Fobosi ina urefu wa kilomita ishirini na saba hivi, upana ishirini na mbili, unene kumi na nane. Mifereji ilikuwa miembamba mno kwa kipimo hicho, kwa hiyo akaniruhusu niizidishe kina kidogo, vidole vya mtoto viweze kuifuata.

"Rangi?" nikamuuliza. "Si watoto hawaoni?"

"Waamuzi wanaona. Fanya nyeusi kama makaa. Lakini isingʼae hata kidogo. Fobosi ni kati ya vitu vyeusi sana huko juu."

Kuhusu weusi nilikuwa na ujuzi ambao sijivunii kila mahali. Ninyi mnajua banda hili limeuza mpingo kiasi gani, na mnajua pia duka la viatu hapo mbele limeuza makopo mangapi ya rangi nyeusi ya viatu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekumbatia sanamu yake ya "mpingo" siku ya jua kali kwa ajili ya picha, akaondoka na shati la pundamilia. Kwa hiyo kung'arisha nilijua. Kutong'arisha ndiko nilikuwa sijawahi kujaribu. Nilisaga makaa, nikachanganya na gundi iliyozimuliwa kwa maji, nikajaribu kwenye kipande cha kutupwa kwa kitambaa kikavu. Shikeni hiyo, itawafaa: mafuta yoyote yakigusa hapo kabla, umekwisha, utapata kiatu.

Nilianza na cha kujaribia, kutoka kipande kilichobaki, kidogo kama papai. Kilinifundisha kwamba shimo ukilichonga kwenye ncha ya kisiki, nyuzi za mti zinachomoka kama mswaki wa zamani, kwa hiyo shimo kubwa lazima likae ubavuni. Nikakiweka rafuni. Kisha nikaingia kwenye muhugu wenyewe. Nilitumia tezo mpaka umbo likaja, halafu patasi, halafu msumari niliounoa kwa ajili ya mifereji. Patasi ya kwanza ilivunjika ndani ya lile shimo. Ya pili ilivunjika Mzee Kilonzo akiwa kaburini, vinginevyo ningezabwa kofi. Ilinichukua zaidi ya wiki mbili. Jumanne ya wiki ya mashindano nilimaliza kuchonga, bado kupaka rangi, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Kila mfereji ulikuwepo. Nawaambia, nilisikia raha kifuani kama mtu aliyeoza binti.

Na kwa kweli kesho yake nilikuwa na shughuli ya kuoza, ya ndugu yangu, kule Kathiani, mbuzi wa mahari wanaletwa, huwezi kukosa. Nikauacha mwezi juu ya benchi.

Benchi lile ni la Wayua.

Wengine wenu mlimkuta Wayua. Hakuna mtu amewahi kupiga msasa kama yule mama katika barabara hii yote. Ungempa kinyago kama gunzi, akakurudishia kama yai la kuchemsha. Alhamisi nilirudi nikamkuta amekaa ametulia, mikono imekunjwa, anangoja nimsifu.

Mwezi ulikuwa unang'aa.

Niliweza kuona dirisha ndani yake. Shimo kubwa lilikuwepo, limekuwa bakuli la mchuzi. Ndui zote zimejaa. Mifereji hakuna, hata mmoja. Na kile cha kujaribia kando yake, nacho kimelainishwa, bila nta, kwa sababu nta iliisha.

"Mwaitu," nikamwambia, na hiyo ndiyo heshima yetu kwa mama, nikaishikilia kwa meno, "umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Mti wako ulikuwa umepasuka kila mahali, na wewe ukaenda kula mbuzi. Nimeziba nyufa siku nzima. Hata kucha zimeisha."

"Hizo si nyufa! Nilichora mimi!"

"Baba Nduku," akasema polepole, "ningejuaje mtu mzima na akili zake amepasua mti makusudi?"

Angekuwepo Mzee Kilonzo angempa kigoda chake. Aliona ufa, akauziba, hakuuliza. Yote kama tulivyofundishwa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Muhugu mwingine mkavu wa ukubwa ule haukuwepo, na mti mbichi ungepasuka kweli kweli. Nikampigia Mwalimu simu nikiwa nimejitayarisha kurudisha pesa zake, na ninyi mnanijua, neno hilo likitoka kinywani mwangu hali ni mbaya. Alifika Ijumaa asubuhi, akakaa, akapapasa mwezi. Wayua alikuwa amesimama nyuma yangu, anapumua kama ng'ombe.

Vidole vya Mwalimu vikasimama mahali fulani. Vikasogea. Vikasimama tena.

"Mfereji uko hapa," akasema.

Nikainama. Sikuona kitu. Mimi niliyeukata.

"Na hapa. Unaenda hivi, mpaka hapa. Gundi iko laini kuliko mti. Inashika kidole kidogo." Akageuza uso upande wa Wayua. "Nani ameziba hii?"

"Ni mimi," Wayua akasema kwa sauti ya mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Mama, uko na mkono. Nimeshika vitu vingi, sijashika kazi kama hii."

Hapo Wayua akapata uhai. Akanisukuma kando, mimi mwenye banda. Alijua jambo moja ambalo nilikuwa nimelisahau kwa hasira: gundi ya mbao ukiipasha moto inalegea. Akaleta jiko la makaa, akapasha ncha ya kisu. Mwalimu akawa anatangulia na kidole, anasema "hapa, hapa, kata kushoto," na Wayua anafuata na kisu cha moto, vumbi na gundi vinatoka kama ukoko wa sufuria. Penye moto pakaungua pakawa peusi, na weusi ndio tuliokuwa tunautaka. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea jiko na kukwangua nta kwa kipande cha chupa. Nilifanya kazi ya kibarua katika kazi yangu mwenyewe, na niliifanya vizuri.

Tulipopumzika, Mwalimu akaokota kile kidogo.

"Na hii je?"

"Hiyo ya kujaribia. Tupa."

"Pima."

Nikapima. "Kumi na tano."

"Pima tena."

"Kumi na tano bado. Mimi hupima mara mbili bila kuambiwa."

Akacheka peke yake. "Mzee, Mirihi iko na miezi miwili, nilikwambia. Ule mwingine ni Deimosi. Uko na kilomita kumi na tano hivi kwa urefu. Na uko laini kuliko huu, kwa sababu vumbi lake limejaa ndani ya mashimo, likayafunika. Huyu mama ametengeneza Deimosi bila kujua."

"Basi ni miezi miwili," nikasema haraka. "Bei ya miwili."

"Huu mmoja umetokana na makosa!"

"Makosa ya Wayua ni ghali. Umesema mwenyewe ako na mkono."

Alilipa nusu ya bei ya pili, nikampa sahani ile ya tano. Jioni tukapaka makaa. Hakuna kilichong'aa.

Jumamosi nilivaa koti. Ukumbi ulijaa watoto wenye nyaya na betri, na volkano zinazotoa povu, nilihesabu volkano sita, nikarudia, zikawa saba. Mkuu wa shule ya Mwalimu alikaa mbele, miguu imekunjwa. Ndinda alisimama nyuma ya meza yake, msichana mwembamba, sauti kavu, miezi miwili mbele yake juu ya kitambaa.

Mwamuzi alikuja, bwana mwenye miwani, akaanza kuandika kabla hajagusa chochote.

"Weka kalamu chini, bwana, naisikia," Ndinda akamwambia. "Sasa funga macho."

"Nifunge macho?"

"Mimi nimefunga tangu nizaliwe na sijafa. Funga. Lete mkono."

Watu wakacheka. Akafunga. Ndinda akamshika kidole cha shahada akakipeleka kwenye shimo kubwa, akamwambia upana wake ni kilomita tisa, na kwamba jiwe lililolichimba lilikaribia kuuvunja mwezi mzima. Akamvusha juu ya mifereji. Akamwambia wasomi bado wanabishana ilitoka wapi, na yeye pia bado anabisha. Akamwambia habari ya gunia na yai. Kisha akamwekea mkono juu ya ule mdogo.

"Huu ni laini," mwamuzi akasema, macho bado amefumba.

"Ni vumbi. Mashimo yako chini, yamefunikwa. Tulia, utayasikia."

Bwana yule alitulia. Nikaona vidole vyake vinatafuta. Nikaona Wayua, ambaye alikuwa amekuja na kilemba kipya, anauma midomo.

"Nimelipata moja," akasema kama mtoto.

Baada yake kulikuwa na foleni. Watu wenye macho mazima walipanga mstari wayafumbe. Mkuu wa shule alikuwa wa tisa, nilihakikisha. Hawakupata namba moja, hiyo ilienda kwa pampu ya maji, na ilikuwa pampu nzuri, sina neno. Walipata ya pili. Jumatatu Mwalimu alinipigia kusema vipindi vya sayansi vimebaki kwenye ratiba, na vikapu vimewekwa baada ya masomo, kwa anayetaka. Ndinda anataka. Amesuka kimoja cha kubebea Fobosi.

Basi sasa nimestaafu, na ninyi mko na grainda zinazomaliza ndovu kabla ya chai. Siwaonei wivu, isipokuwa asubuhi mikono ikitetemeka. Lakini kuna kazi imebaki na imenishinda, ndiyo maana nimeandika.

Siku ile ile, watu walipokuwa wanafunga meza, Ndinda aliniuliza: "Babu, na Mirihi yenyewe, kwa kipimo hiki hiki, ni kubwa namna gani?" Nilipiga hesabu pale pale. Mita sitini na nane kutoka upande hadi upande. Jengo la ghorofa ishirini, la mviringo. Na Fobosi ingekaa mita sitini kutoka usoni pake. Nilidhani atanyamaza. Akasema, "Basi nikatie kipande tu. Kipande cha kushika, nijue imepinda kiasi gani."

Kipande cha mita mbili, vijana, katikati kinainuka sentimita moja na nusu peke yake. Nimeunganisha mbao za jakaranda, nimejaribu mara tatu. Mwalimu Musyoka hupitisha kidole na kusema, "Hapa ni tambarare. Na hapa." Upinde wenyewe nilijaribu kuuchora chini kwa kamba ya mita thelathini na nne, nusu ya ule upana wa Mirihi, msumari upande mmoja, chaki upande wa pili. Kamba inavutika, kila nikirudia mstari unahama. Nikaleta waya, ng'ombe wa jirani akaondoka nao.

Ndinda yuko kidato cha nne, anamaliza mwaka huu. Ninyi mnachora kwa simu, mko na mashine, macho yenu ni mapya. Mbao ziko kwangu, zimekauka vizuri, nimezigonga zote na zinalia kama mlango. Mwenye kujua, anijibu kabla shule hazijafungwa: upinde mpole namna hiyo ungeuchoraje, na ungeupigaje msasa mita mbili nzima bila kuacha hata mahali pamoja ambapo kidole cha msichana yule kitasimama?